Njugu Ambazo Hazikuwa Nyumbani

Kwetu Ukambani mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe wake. Hali naye meza moja, hampi mkono, na wakikutana njiani kila mmoja anapata ghafla kitu cha kuangalia upande wa pili. Tunaiita nthoni, na ni heshima, wala si uhasama. Vijana wa siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na mama wakwe zao, na bado mvua haijagoma kunyesha. Lakini mama mkwe wangu wa Nunguni ni wa zamani, na mimi nikifika kwake nakuwa wa zamani pia. Miaka yote niliyokaa na binti yake sikuwahi kujua kama jiko lake ni la mafiga au la gesi. Nilijua tu kwamba chakula kinachotoka humo kinaweza kumfanya mtu asahau alikozaliwa.

Nayasema haya mapema kwa sababu bila nthoni tungekuwa tumepata siku ya kwanza kitu kilichokuwa kinamvimbisha mtoto wangu.

Mtoto mwenyewe ni binti yetu wa pili, kwa hiyo kwa mila yetu ana jina la huyo bibi yake wa Nunguni, mama wa mke wangu. Hata mke wangu akimwita anamwita “mama”. Akiwa mdogo, Jumapili moja baada ya ibada hapa Mutomo, watoto waligawiwa njugu karanga. Kabla hatujamaliza kusalimiana na wazee wa kanisa, midomo yake ilikuwa imefura kama ya mtu aliyebusu mzinga wa nyuki. Tulimkimbiza hospitali. Daktari alipomtuliza alituambia ni aleji ya njugu, na kwamba kazi yetu kubwa haitakuwa kumnyima njugu zinazoonekana. Zile zinazoonekana hata mbuzi anaziona. Kazi ni zile zilizojificha.

Alimwambia mtu sahihi. Mimi ni mhitimu wa ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Nilisomea Mtito Andei, mchana naziba pancha za malori, jioni naingia darasani na mikono myeusi. Kiingereza nilikianzia kwenye ubavu wa matairi. Kufikia mwisho hakukuwa na tairi katika barabara ya Mombasa ambalo sikuwa nimelisoma lote, na mengine nilikuwa nayajua kwa moyo. Cheti changu kimetundikwa sebuleni juu ya kalenda, mahali ambapo mgeni hawezi kunywa chai bila kukiona.

Basi nikaanza kusoma pakiti. Wenye maduka wa Mutomo wakiniona nakuja walikuwa wanajificha chini ya kaunta. Nilikuta biskuti isiyo na njugu hata moja, lakini kwa maandishi madogo kama mguu wa siafu inasema imetengenezwa katika kiwanda kinachotumia njugu. Nilikuta unga wa uji wa watoto, wenye picha ya mtoto mnene anacheka, una njugu na soya ndani. Kwenye kemisti nilishika krimu ya ngozi kavu iliyoandikwa “arachis”. Mwenye kemisti alisema ni jina tu la kitaalamu la mafuta. Nikampigia daktari, akasema ndiyo, ni mafuta ya njugu hayo hayo, yamevaa suti. Hata chakula cha vifaranga kilikuwa na mashudu ya njugu, na binti yangu ndiye aliyekuwa anawalisha kwa kiganja chake. Siku hiyo vifaranga wangu walianza kulishwa na mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye cheti.

Nyumba yetu ikawa safi. Mtoto akakaa muda mrefu bila hata kipele. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Halafu tukampeleka Nunguni likizo. Siku ya pili, baada ya kula muthokoi wa susu, yaani wa bibi yake, akafura. Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa kwa kutwangwa, yakachemshwa na maharagwe, na wa mama mkwe wangu unajulikana mpaka bondeni. Tukasema labda aliokota kitu kwa majirani. Krismasi tukarudi, akala muthokoi, na safari hii alianza kukoroma kifuani. Walimdunga sindano kituo cha afya, na mke wangu alimshika mkono muda huo wote. Tulipofika nyumbani ndipo aliposema.

“Huko hatarudi.”

“Ni kwa mama yako.”

“Najua ni kwa nani. Nimezaliwa huko.”

Mama mkwe alipopigiwa simu hakubisha. Alikuwa ameshatoa njugu zote nyumbani mwake tangu siku alipoambiwa, mpaka za mbegu, akawagawia watu. Aliuliza tu, “Kwa hivyo huyu wa jina langu nitakuwa namwona kwa simu?” Mke wangu alikata simu akaenda kuangalia nguo kwenye kamba, na nguo zilikuwa zimeanuliwa kitambo.

Nikaomba safari moja ya mwisho. Tutaenda wote, mtoto atakula mayai na ndizi tulizobeba na sufuria yetu, na mimi nitasoma kila kitu kilichoko katika nyumba ile. Mke wangu alikubali, lakini alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kuaga.

Tatizo likawa lile la jikoni. Mkaguzi haingii. Niliwekewa kiti kando ya tangi la maji, mke wangu akawa anatoa vitu kimoja kimoja kama mahakamani. Mama mkwe alisimama mlangoni, karibu vya kutosha kunirushia kijiko, akiwatazama kuku.

“Mwambie mama atoe mafuta ya kupikia,” nilisema.

“Mama, anasema utoe mafuta.”

“Mwambie ni yale aliyoniletea yeye mwenyewe Krismasi.”

“Anasema ni yale uliyoleta.”

“Nimesikia.”

“Kama mnasikiana, mimi nafanya nini hapa katikati?” mke wangu akauliza.

Yakaja mafuta, chumvi, majani ya chai, viungo vya mchuzi, sabuni ya vyombo, mafuta ya kujipaka, hata dawa ya meno. Mahindi na maharagwe ya shambani hayana lebo, kwa hivyo niliyamwaga kwenye ungo nikayapitia kwa kidole. Nilisoma mpaka macho yakaanza kuona maandishi kwenye mawingu. Hakuna njugu. Hakuna hata harufu ya jamaa wa njugu.

“Mwambie mume wako,” mama mkwe alisema, bado akiwatazama kuku, “akimaliza pakiti apande asome mabati ya paa. Nayo yana maandishi.”

Ningecheka, lakini nilimwona binti yangu amekaa kwenye ngazi na yai lake mkononi, akinusa mvuke wa jikoni. “Nilikosea nini kula muthokoi wa susu?” aliuliza. Mama mkwe aliingia ndani na hakutoka kwa muda.

Nilibaki pale na kiti changu. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyomwambia mke wangu kwamba alikuwa sawa. Ndipo jirani akatokea akisukuma wilbaro. Ni mama mnene mcheshi, wanaimba kwaya moja na mama mkwe. Ndani ya wilbaro mlikuwa na kinu, kikubwa, cheusi kwa uzee, na mchi wake.

“Habari ya mkwe wetu,” alisema. “Umefungiwa nje?”

“Nimefungiwa na mila, mama.”

“Pole. Mimi narudisha kinu.” Akakiteremsha kando ya tangi, akaingia jikoni ambako mimi siwezi, akaanza kusimulia kitu na kucheka.

Jua lilikuwa limetoka baada ya ukungu wa asubuhi, likakipiga kile kinu. Baada ya kitambo nikajikuta nawaza Mtito Andei, wale wauzaji wanaosimama kwenye madirisha ya mabasi na karatasi zilizokunjwa kama tarumbeta. Nikadhani ni njaa. Nikavuta pumzi tena. Haikuwa njaa, ilikuwa harufu. Niliinuka nikainama juu ya kinu, na kwa kuwa sikuamini, nikaingiza kichwa chote.

“Mwambie mume wako,” ilikuwa sauti ya mama mkwe mlangoni, “hiyo si kofia.”

Nilitoa kichwa. Nadhani pua yangu ilikuwa inang'aa mafuta. Nikamgeukia jirani, maana na huyo naruhusiwa kusema.

“Mama, ulikuwa unatwanga nini?”

“Njugu,” alisema. “Nakaanga natwanga, nauza siagi yake siku ya soko. Lakini nimekiosha, mkwe, usiniaibishe. Nimekiosha na maji moto na sabuni.”

“Umekiosha vizuri. Ni mti wenyewe umekunywa mafuta.”

Hata kuku walinyamaza, na kuku wa Nunguni hawanyamazi hata kwa maombi. Kumbe kinu hicho kilikuwa hakikai nyumbani. Kwetu kumnyima jirani kinu ni kama kumnyima maji, na cha mama mkwe ndicho kilichokuwa kirefu na kizuri kuliko vyote kwenye kilima kile. Siku ya soko ikikaribia kinakwenda kwa jirani kutwanga njugu, kinarudi, mama mkwe anakoboa humo mahindi ya mjukuu wake. Sisi huku Mutomo muthokoi tunanunua uliokobolewa tayari. Na katika ukaguzi wote ule wa pakiti hakuna aliyewaza kuniletea kinu kwenye kiti, kwa sababu kinu si chakula, ni kizito, na hakina lebo.

Jirani alishika kichwa. “Yaani mimi namwombea mtoto huyu kila Jumapili, na ni mimi namfurisha?”

“Hukumfurisha makusudi,” mke wangu alisema. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakamtoka akiwa anacheka, akakaa chini kwenye ngazi karibu na mtoto. “Ni kinu, mama. Ni kinu tu.”

Nilimpigia daktari. Alisema mti wa namna hiyo tusiuamini hata ukichemshwa. Tupate kinu kipya kisichowahi kutumika, mtoto aanze na kidogo, dawa iwe karibu na kituo cha afya kiwe karibu. Siku ya soko nikaenda. Fundi wa kuchonga alinionyesha vinu vinavyong'aa hadi ningeweza kunyoa ndevu mbele yavyo.

“Umepaka nini?”

“Mafuta.”

“Ya nini?”

Aliniangalia kama mtu aliyemuuliza jina la mama wa mti. “Mafuta tu, mzee. Ya kupikia, yoyote.”

Nikachukua kile kibaya zaidi, cheupe, kilichokuwa hakijapakwa chochote, kinachonuka msitu. Alinionea huruma.

Mama mkwe alikoboa mahindi kesho yake. Sahani ililetwa nje, kando ya tangi, ili na mimi nione. Mtoto alikula kijiko kimoja. Sote tukamtazama midomo kama watu wa Mutomo wanavyotazama wingu. Akala cha pili, tukangoja zaidi. Dawa ilikuwa mfukoni mwa shati langu, na mwenye pikipiki tuliyemkodi alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake langoni, mguu tayari.

“Anapumua vizuri?” mama mkwe aliuliza.

Aliniuliza mimi, usoni, bila kupitia kwa mtu.

“Vizuri kabisa, mama,” nikasema.

Kisha tukakumbuka, sote wawili tukageukia kuku.

Mtoto alituacha tungoje mpaka akachoka nasi. “Sasa naweza kula bila kuangaliwa?” aliuliza, akaomba aongezewe. Mwenye pikipiki akasema kama hakuna mgonjwa basi na yeye apewe sahani.

Tulirudi Mutomo wawili. Mtoto tulimwacha amalize likizo. Kinu cha zamani kiko nje kando ya tangi, na majirani wanakiazima kama kawaida. Kile cheupe hakiazimwi. Kinalala chumbani kwa mama mkwe. Chumba hicho sijakiona wala sitakiona, lakini mke wangu anasema amekifunika leso, ile mpya aliyokuwa ameiweka ya kwendea harusi.