Gonga Ulimi, Upewe Karanga

Niliipiga meza yake teke, karanga zikaruka hadi mtaroni. Kabla hajasimama sawasawa nilishamkamata kola ya gauni, nikamlaza juu ya gunia langu la mtama, na mkono wa kulia ulishaokota kisado, lile kopo la bati ninalopimia nafaka. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili nililenga mdomo, na ningemng'oa meno kama mpagazi mmoja asingenidaka mkono.

"Gonga!" nilimpigia kelele usoni. "Gonga ulimi na wewe, tusikie! Cheka sasa!"

Huyo ni jirani yangu wa soko, hapa Dodoma mjini. Mimi nauza mtama na uwele, yeye karanga, meza zetu zinagusana. Nyuma yangu alisimama binti yangu wa darasa la tatu, kola ya shati la shule imelowa damu, mdomo kauziba kwa viganja viwili. Katoka shule vile. Jirani alipomwona, badala ya kusema pole, alisema, "He! Leo redio ya Chemba imekata mawimbi?"

Meza zote zikacheka. Ndipo nikapiga teke.

Sisi ni Wasandawe wa Chemba. Lugha yetu ina sauti za kugonga ulimi ndani ya maneno yenyewe, na ndiyo lugha aliyoanza nayo binti yangu. Tulipohamia mjini alikuwa akikaa chini ya meza yangu, anaongea na mdoli wake wa gunzi. Jirani akapata burudani.

"Mama Uwele, hebu niazime mtoto."

Anamwita, anainua ngumi iliyojaa karanga. "Gonga kwanza." Mtoto anagonga, anapewa. Wateja wanaitwa waje kusikia mtoto anayepasua mbegu mdomoni bila mbegu. Watu wazima na ndevu zao wanashika mbavu.

Nilimkataza. Alinishangaa kweli kweli. "Ni utani tu, shoga. Mbona sisi Wagogo mnatuita ombaomba na hatununi?"

Utani naujua, nimelelewa nao. Mtani ukimtukana anakutukana, na ukifiwa ndiye anayewahi kufika, anachimba kaburi huku anakuchekesha. Yule nilipofiwa na baba hakukanyaga kwangu. Halafu mtoto mdogo vile atakutania nini wewe uliyemshikia karanga juu?

Mwanawe alikuwa akishinda pale pale mezani, anaangalia. Alijifunza vizuri. Alipoanza kusoma na binti yangu aliupeleka mchezo shuleni, ila badala ya karanga alishika fimbo.

Binti yangu akaanza kurudi na mapaja yaliyovilia damu. Nikaenda kwa mwalimu wake. "Watoto wanacheza, mama. Mzoeshe Kiswahili nyumbani." Nikarudi tena, nikajibiwa vile vile. Halafu jioni moja bibi yake akapiga simu kutoka kijijini. Kiswahili cha bibi ni cha kuombea maji. Mtoto akashika simu, akamjibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anayeongea na mgeni ofisini. Mama yangu akaniuliza, "Umempa nani simu? Huyu si mjukuu wangu."

Siku ya teke, mtoto wa jirani na wenzake walimlaza nyuma ya vyoo vya shule. Alinisimulia mwanafunzi mwenzake aliyemleta, maana mwenyewe hakuweza. Mmoja kamkalia miguu. Mwingine kamfinya mashavu hadi mdomo ukafunguka. Mtoto wa muuza karanga anachapa. "Gonga tukuachie!" Akigonga, wanacheka na kumchapa kwa kugonga. Akinyamaza, wanamchapa kwa kunyamaza. Mwisho binti yangu akauweka ulimi wake katikati ya meno, akauma.

Zahanati walimshona. Siku zilizofuata hakusema neno, si Kisandawe, si Kiswahili. Muuguzi alisema kidonda kitapona. Kuhusu kuongea, alisema tusubiri. Nilikuwa namtazama akinywa uji upande mmoja wa mdomo, nafsi yangu inataka kurudi kumalizia lile pigo la pili.

Mwenyekiti wa mtaa akaniita. Nikaenda na mtoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umempiga mtu mzima hadharani. Muombe radhi yaishe, nyie majirani."

"Bega lake nitalitibu. Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani? Katoto ka darasa la tatu?"

"Sishtaki watoto."

Akaanza kunielekeza shuleni. Nikamwomba karatasi. Akasema karatasi zimeisha. Zilikuwa mbele yake, nikachukua moja. Alipoona nimeandika na cheo chake, akashusha sauti. "Mwanangu, mimi nilipita tu pale kununua karanga."

"Ulipita, ukacheka, ukaomba arudie. Nilikuwepo."

"Basi hapo futa."

Binti yangu aliinua macho akamtazama. Sikufuta. Nilimwambia apige muhuri au niipeleke kata bila muhuri, na niwaeleze kwa nini haina. Akapiga. Nakala ninayo, inasema hivi:

"Nalalamika kwamba mtoto wangu ameumizwa ulimi kwa mchezo uliofundishwa na watu wazima. Mlalamikiwa wa kwanza ni jirani yangu muuza karanga, aliyeuanzisha. Wa pili ni wafanyabiashara wote wa mstari wetu, waliocheka. Wa tatu ni mwenyekiti wa mtaa huu, aliyecheka pia. Wa nne ni mwalimu wa darasa, aliyeambiwa mara mbili. Sitaki fidia na sitaki mtoto yeyote achapwe kwa ajili ya hili. Nataka uitishwe mkutano wa mtaa, watoto wawepo, na wote niliowataja wasimame mbele ya watoto wao waseme kwa midomo yao kwamba ule haukuwa utani. Na tukubaliane hapo hapo kwamba mtoto akilazwa chini, mtu mzima wa kwanza kuona aache anachouza akamtoe. Mimi nitasimama wa kwanza, niseme nilimpiga jirani yangu kwa kopo. Mtoto wangu atakuwepo. Asilazimishwe kusema chochote."