Kanga Iliyoshika Gia

Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa naukumbuka kwa harufu ya petroli na udi. Mume wangu aliendesha lori kuukuu lililosalia baada ya vita, la aina ile ambayo magurudumu yote manne huvuta. Tulipanga chumba Kariakoo, na asubuhi, jua likiwa bado halijagusa makuti ya paa, nililisikia likinguruma nje kama mtu anayesema usingizini.

Lori lilikuwa na ugonjwa mmoja. Gia huzuiwa isihame na gololi ndogo inayosukumwa na springi iingie katika kishimo chake. Springi ile ilikuwa imechoka, na vipuri vya lori lile havikuletwa tena. Kila lilipoteremka na mzigo, gia nzito ilichomoka yenyewe, injini ikaacha kulizuia, nalo likakimbia. Safari iliyotangulia, kwenye mteremko wa bonde la Msimbazi, nusu ya mitungi ya udongo aliyoipakia ilivunjika. Msaidizi wake akashuka, akasema hapandi tena.

Mwenye lori, Mwarabu mwenye duka la vyombo na nguo mtaani kwetu, hakugomba. Alisema tu, "Ikichomoka tena, mwanangu, naliuza kwa uzito wa chuma. Nawe utafute kazi kwingine."

Kwingine hakukuwapo. Bandarini watu walirudishwa kila asubuhi.

Basi safari iliyofuata nilipanda mimi, nimshikie gia. Mama mkwe alisimama mlangoni akinitazama.

"Umeolewa na mwanangu au na lori lake?"

"Na vyote viwili, mama."

"Haya. Basi ujifunge kibwebwe."

Tulipakia mitungi upande wa Kisarawe, tukailaza juu ya majani makavu. Njia nzima ya kurudi nilikishika kile chuma cha gia, kikitetemeka kiganjani mwangu, chenye joto kama shingo ya ndama. Miti ilipita, vumbi likapita, nami nikasahau kama nilikuwa macho. Ukingoni mwa bonde nikahisi mkono umelowa jasho na chuma kinateleza. Nikaitoa kanga begani, moja ya doti yangu ya arusi, nikaizungusha kwenye gia na mguu wa kiti, nikaifunga kama kibwebwe: unakunja, unapitisha chini, unasokota, na kila ikivutwa inazidi kukaza.

"Umefunga vizuri?"

"Kama naingia ngomani."

Tukateremka. Gia ilivuta, kanga ikavuta, na nyuma yetu mitungi ikanong'onezana. Tulifika chini taratibu, kama jani lililodondoka.

Tulipopanda ng'ambo, mume wangu akataka kubadilisha gia. Fundo likakataa. Nilijaribu kwa kucha, nikajaribu kwa meno.

"Hii umeifunga au umeizika?" akauliza, akicheka kwa wasiwasi.

Tukaingia Kariakoo kwa gia ile ile nzito, watoto wakitupita kwa miguu katika mchanga. Mwanamke mmoja aliniona kando ya dereva, mtandio usoni kwa aibu, akasema, "Bibi arusi huyo." Wenzake wakapiga vigelegele, wakatufuata. Arusi yetu ilikuwa imeangukia matangani, haikupigiwa hata kigelegele kimoja. Nikaliacha fundo, lori likaenda polepole vile vile, na moyoni nikaomba njia isiishe.

Mwenye lori alikuwa barazani. Aliugonga kila mtungi kwa kifundo cha kidole, akisikiliza unavyolia. Kisha akachungulia ndani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Alilitazama fundo kwa muda, akaingia dukani, akarudi na kisu na kipande cha kitambaa kigumu cha merikani. "Kesho mfungie hii, na fundo la kufunguka. Kanga ya arusi haifungi chuma."

Kesho, alisema. Mume wangu akazima injini, akalikata fundo. Kanga ikaachia, na gia ikabaki pale pale, kana kwamba haikujua kuwa imefunguliwa.