Minazi ya Baba, Shamba la Baba Mkubwa

Siwezi kuisimulia habari hii kwa upole, na msinitake niwe mpole. Baba mkubwa alimpeleka mama yangu polisi kwa wizi wa nazi. Nazi za minazi aliyoipanda marehemu baba kwa mikono yake!

Huku kwetu Kilifi kila mtu ajua: shamba laweza kuwa la mmoja na minazi ya mwingine. Mti ni wa aliyeupanda. Ndiyo maana wapima ardhi walipokuja, miaka ya themanini mwanzoni, baba hakuona taabu shamba likiandikwa jina la kaka yake. "Karatasi ni ya udongo," alisema, akacheka. Minazi yake nani angeigusa? Alipofariki, kumbe karatasi ile imemeza udongo na minazi yote.

Mama hakujua. Aliita mkwezi kama kawaida, nazi zikaanguliwa. Kesho yake asubuhi askari wawili wakaja kumchukua, baba mkubwa yuko mbele anawaonyesha njia. Hana haya huyo, hana vibaya! Mwanamke aliyempikia miaka yote ile!

Habari zilinikuta Malindi, kwenye hoteli nilikokuwa nikifua shuka. Nilikimbilia kituoni na aproni yangu mbichi. Mama ameketishwa sakafuni, nazi zimepangwa mezani, ati ushahidi. Nikampigia kelele baba mkubwa: "Mambo ya shamba hupelekwa kwa wazee! Mwizi ni nani hapa?" Hakunitazama. Alizungumza na askari. Atasamehe, alisema, mama akikiri kosa na kutia kidole kwamba minazi si yake. Akikataa, ni korokoroni, kisha mahakamani.

"Sitii," mama akasema.

Ilipofika alasiri, miye ndiye niliyelegea. Watu walikuwa wakiingia na kutoka, wanamruka mama na kanga zake pale chini, nikaona aibu. Nikainama. "Mama, tia kidole twende zetu nyumbani."

Alinitazama sana, kisha akaunyoosha mkono. Askari akakichovya kidole chake kwenye wino.

Tulitembea mpaka barabarani. Nikaanza kumlaani baba mkubwa, Mungu na amlipe, na asione raha. Mama alikuwa akijifuta wino kwa ncha ya kanga.

"Yeye alinishtaki tu," akasema. "Aliyeniambia nikiri ni wewe."