Nilisema Sote Tumenenepa

Jibu nililolitoa mwenyewe kwenye simu lilirudi kupitia redio, likanidanganya.

Wamama wenzangu, someni hadi mwisho.

Ilikuwa wakati wa korona. Mume wangu alikwama mpakani na lori lake. Wateja hawaji, cherehani nimeifunika kitambaa. Tulibaki mimi na kitinda mimba wangu, binti wa miaka kumi na miwili, naye kutwa kalala.

Simu ikaita. Dada mmoja wa utafiti.

"Mama, tangu mjifungie ndani, uzito umeongezeka, umepungua, au uko vilevile?"

Mizani sina. Lakini siku tatu nzima sikuwa nimesikia sauti ya mtu mzima ikiongea nami.

"Weee, dada! Humu sote tumenenepa, mlango wenyewe unatubana!"

Akacheka. Nikatamani aulize lingine. Akashukuru, akakata.

Baada ya wiki mbili sketi ya binti ikagoma kufunga. Asubuhi uso umemjaa.

"Mama, viatu vinanibana."

Moyo ulishtuka. Jioni hiyohiyo redio ikasema utafiti umeonyesha watu saba katika kumi wamenenepa. Nikashusha pumzi.

"Umesikia? Si wewe peke yako. Punguza kulala."

Nikafumua mishono ya sketi, nikaipanua. Wiki iliyofuata nikaifumua tena. Fundi mzima, tepu shingoni, napima kiuno tu! Chakula anakiacha nusu sahani, wala sikujiuliza unene huo unatoka wapi.

Mpaka siku alipovua soksi. Alama ya mpira imezama mguuni. Nikabonyeza kwa kidole.

Shimo likabaki palepale.

Mbio hadi hospitali.

"Amevimba tangu lini?" daktari akauliza.

"Hajavimba, daktari, amenenepa. Redio imesema saba katika kumi..."

"Mama, hao saba nani aliwapima?"

Mmoja wao nilikuwa namjua.

Ni mimi.

"Haya ni maji," akasema. "Figo zake zinaumwa. Ungechelewa kidogo tu..."

Hakumalizia.

Wodini wageni marufuku. Siku kumi na moja nilikaa kwenye benchi nje ya geti, nikitazama dirisha la ghorofa ya pili. Kila mchana alinipungia mkono. Kila siku mkono ulikuwa mwembamba kuliko jana, nami nikaushukuru wembamba huo, maji yalikuwa yanamtoka.

Alipona. Anakunywa dawa mpaka leo.

Juzi yule dada akapiga tena.

"Mama, awamu ya pili. Uzito hapo nyumbani?"

"Andika sijui. Sina mizani."

"Hapa hakuna sehemu ya sijui, mama."

"Basi ichore, mwanangu. Nitakusubiri."

Wenzangu, hao saba katika kumi hawamjui mtoto wako. Wengine wamejibu tu kwa upweke. Zima redio, mvue soksi, mtazame miguu.