TB Iliyokula Mgongo Wangu

Huku Usenge, kando ya ziwa, kila mwanamke anaumwa mgongo. Omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, tunaianika chini, juu ya neti, na tunainama kuigeuza kutoka asubuhi. Kwa hivyo mgongo wangu ulipoanza kuuma, hakuna aliyeshtuka, hata mimi. Huo ndio ulikuwa ujinga wetu.

Wenye makosa nitawasema. Wa kwanza ni mwenye duka la dawa Kondele, kule Kisumu ninakopeleka omena sokoni. Miezi saba aliniuzia tembe za maumivu. Alikuwa ananiona nakonda, namwambia homa haiishi, na hakuwahi kusema, "Mama, nenda upigwe picha."

Wa pili ni wifi yangu, dada ya mume wangu. Yeye ndiye aliyeniletea mama mmoja wa kukanda.

"Lala kifudifudi," yule mama akasema, akanipanda mgongoni kwa miguu yote miwili. Kitu kikalia ndani, ka.

"Umesikia? Mishipa imefunguka."

Kesho yake miguu yangu ilikuwa imekufa. Wifi akawaambia watu nimechoka kazi, natafuta kubebwa. Basi nikabebwa kweli. Mume wangu alinilaza kwenye pikapu ya samaki mpaka hospitali, Kisumu.

Daktari, msichana mdogo tu, aliinua picha yangu ya eksirei dirishani. "Mama, hii ni TB. Imekula mifupa miwili ya mgongo."

"Daktari, mimi sikohoi."

"Yako haiko kifuani, iko kwa mfupa."

"Nitatembea?"

"Sijui. Meza dawa mwaka mzima, usiruke hata siku moja. Halafu tuone."

Mimi shule niliacha darasa la nne, lakini kumeza dawa hakutaki cheti. Nilikojoa mkojo mwekundu, rangi ya zile dawa. Nilivaa mkanda mgumu kutoka kwapani hadi kiunoni, na joto la huku mnalijua. Wifi akaja na watu wa kanisa lake. "Achana na hizo dawa, uombewe."

"Niombee nikimeza," nikamwambia, na nikameza mbele yao.

Mwezi wa nne wa dawa, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikacheza. Sikumwambia mtu, niliogopa kitabadilisha nia. Mwezi wa sita nikasimama nimeshika mlango. Mwezi wa kumi nilitoka nyumbani na fimbo, nikashuka mpaka ufuoni peke yangu. Wanawake waliacha omena, wakasimama kuniangalia. Mmoja akaanza kulia, nikamwambia aendelee na kazi, samaki wanaharibika.

Wifi alikuja mbio na leso mkononi. "Jifunike, shemeji zako wanaangalia. Hicho kibiongo kinaonekana."

Ni kweli, mifupa iliyoliwa hairudi. Nimepinda, na nitazikwa nimepinda.

"Acha kionekane," nikamwambia. "Wewe ulisema natafuta kubebwa. Nani amenibeba leo?"

Nikampita, nikaenda zangu hadi maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu, na niliyasikia yalivyo baridi.