Joka nililiua mimi, lakini mume wangu anaamini ni yeye

Admin, naomba ufiche jina langu kabisa. Mume wangu ana marafiki wengi humu, na ingawa yeye siku hizi hawezi kusoma maandishi ya simu, wao watamsomea.

Nina miaka ishirini na minne, masomo yangu yaliishia kidato cha nne, na nina miezi mitano kwenye ndoa. Mnisamehe nikianza kwa kumsifu, siwezi kumtaja bila kutabasamu. Mimi ni wa Bokoli, yeye alikuwa akiendesha lori la maziwa kutoka Saboti hadi Kitale. Mbele ya watu ananiita Madam, tukiwa wawili ananiita roho yangu. Hata leo nikisikia viatu vyake mlangoni, moyo unaruka kama wa msichana wa shule.

Kuna kitu anapenda kuliko chakula: gemu za hadithi ndefu, zile za majoka na wachawi na falme, ambazo unaunda mtu wako mwenyewe na kumkuza polepole. Mimi sikujua hata kushika padi ya kuchezea. Alinifunza akiwa ameshika vidole vyangu, na nikawa najifanya sijaelewa ili asiniachilie. Gemu mpya hatuwezi, bei yake ni chakula cha mwezi. Lakini hapa Kitale kuna duka ambalo unarudisha CD uliyomaliza, unaongeza kidogo, unapewa nyingine. Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunajifunika blanketi moja tukichagua kwenye simu. "Madam, hii ni ya miezi miwili ama itaisha kwa wiki?" Ndivyo alivyokuwa akiuliza. Na mimi nikawa mjanja wa kukataa zile za bei rahisi ambazo ukifika nyumbani zinakudai bando la intaneti ndipo zifunguke. Nilidhani maisha yetu yote yatakuwa hivyo.

Mwezi wa pili wa ndoa, aligonga nguzo ya geti na lori. Akasema hakuiona. Siku chache baadaye alimkanyaga kuku wetu mchana kweupe. Tukaenda kliniki ya macho Bungoma. Daktari akasema ni presha ya macho, kwamba haoni tena pembeni, na hata katikati panafifia. "Kilichopotea hakirudi," alituambia. "Matone haya ni ya kulinda kile kimebaki. Na usiendeshe gari tena."

Mume wangu alilala akiangalia ukuta kwa wiki tatu. Alimdanganya tajiri wake, mwenye lori, kwamba ni mgongo unamuuma. Mimi aliniambia maneno haya tu: "Nilikuoa ili nikuwe mzigo wako?" Chai yangu ilikuwa inapoa mbele yake.

Ndipo nikaenda dukani peke yangu. Safari hii sikuuliza kama picha ni nzuri au hadithi ni ndefu. Niliuliza kama kuna gemu yenye maandishi makubwa, ambayo padi mbili zinaweza kumwongoza mtu mmoja.

Muuzaji akacheka. "Dada, unataka kumchezea bwanako?"

"Ndiyo," nikasema.

Akanitafutia moja ya zamani, kava yake imeraruka.

Jioni hiyo mume wangu aliinuka kitandani. Akaunda shujaa mwanamke, akampa jina langu, rangi yangu, hata nywele zangu za matuta. "Hata nikikosa kukuona vizuri," akasema, "huyu nitakuwa naye." Nililia kwa furaha.

Niliketi kushoto kwake, pale ambapo haoni kitu, padi yangu nikaificha chini ya leso niliyotandaza magotini. Mwanzoni nilimsaidia kuruka mashimo tu. Baadaye nikamsaidia kukwepa mishale. Mwishowe nikawa nafanya kila kitu, yeye akibonyeza na kupiga kelele, "Umeona hiyo? Si nimemkwepa!" Nami napiga makofi. Alianza kula. Alianza kuniimbia tena. Nilikuwa na furaha kama siku ya harusi, siwadanganyi.

Wiki iliyopita tuliua joka. Aliniinua juu akanizungusha hadi kiti kikaanguka. Akampigia mama yake Bungoma: "Mama, macho yanarudi! Nimeua joka, bana!" Mama akapiga vigelegele, akasema Jumapili anatoa shukrani kanisani. Tangu siku hiyo chupa ya matone iko dirishani, hajaigusa. Kisha akampigia tajiri wake kwamba mgongo umepona. Jumatatu asubuhi anachukua funguo za lori.

Nilimwambia, "Turudi kwanza kwa daktari." Akacheka, akanibusu kwenye paji la uso. "Ati mtu anaona mshale ukija, atakosa kuona ng'ombe barabarani? Na si ni wewe ulikuwa unapiga makofi?"

Najua mtaniambia nimwambie ukweli, na najua watoto wa shule huvuka ile barabara. Lazima nimwambie kabla Jumatatu haijafika. Lakini fikirini kitu kimoja. Siku inakuja ambapo hataona hata uso wangu, na mimi ndiye nitakuwa namwambia jiwe liko hapa, ngazi iko hapo. Akijua nilichofanya chini ya leso, ataniamini vipi? Na akirudi kuangalia ukuta, sina gemu nyingine ya kumnunulia.

Sasa hivi ananiita kutoka sebuleni. Anasema shujaa wetu amefika kwenye daraja na ananingoja nikae mahali pangu. Leso iko mkononi.

Nyinyi mliowahi kumpenda mtu hivi, niambieni: nitaanza na neno gani?