Kamera ya Kunyoosha Ukuta

Mume wangu alipiga watu picha za paspoti kwa miaka thelathini na moja, na hakuna picha iliyowahi kutoka studio kwake ikiwa imekaa upande. "Inua kidevu. Usicheke. Tazama hapa." Nyumba yetu hii ya ghorofa moja imetokana na videvu vya watu. Sisi wawili tunaishi chini, binti yetu na watoto wake wadogo wanaishi juu.

Basi akaja mkaguzi wa majengo. Kijana mpole, viatu safi. Alisimama barabarani, akainua simu, akapiga picha moja, akatuandikia karatasi: jengo limeinama, wakazi wahame. Mwenye pingamizi alete ushahidi ndani ya siku sitini.

"Jengo limeinama?" mume wangu akafoka. "Simu yako ndiyo imeinama! Ukiielekeza juu, kuta lazima zikimbiliane. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua."

"Basi mzee, lete picha iliyonyooka," mkaguzi akajibu.

Heri asingesema vile. Afadhali angemtukana.

Kesho yake kabati langu la nguo halikuwa na mlango. Mbao zilikuwa sebuleni, na mume wangu katikati yake, msumeno mkononi. Alikuwa anaunda kamera ya kitaalamu, ile ya kizamani ambayo mwili wake unasimama wima na lenzi peke yake ndiyo inayosukumwa juu, ili ukuta mrefu uingie pichani bila kupinda. Lenzi aliing'oa kwenye kamera yake kuukuu ya studio. Kioo cha nyuma, cha kuonea sura, alikisugua kwa mchanga na maji siku tatu mpaka kikaingia ukungu, nami nikisaga meno kwa ile sauti. Nilikuwa nimechoka, jamani. Umri huu mtu anataka kukaa kwenye kiti na kunyoosha miguu, siyo kuruka misumari ndani ya nyumba yake.

"Si kuna timazi?" nilimwambia. "Funga kitu kizito kwenye uzi, ning'iniza, tazama. Dakika mbili umemaliza."

"Ofisi haitaki uzi. Inataka picha."

Haambiliki huyo. Nikashona. Ndiyo, mimi ndiye niliyeshona ule mfuko wa mikunjo unaokaa kati ya lenzi na kioo, kwa kitambaa cha miavuli miwili, kwa cherehani yangu, mishono ya kwenda na kurudi. Nilijisifu kweli. Picha ya kwanza ikatoka imejaa vidoti, mistari kwa mistari. Kila tundu la sindano lilikuwa limepitisha mwanga.

"Mke wangu, umenishonea nyota," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Sikumwona akicheka tena baada ya hapo.

Akapaka gundi na masizi kwenye kila mshono. Picha ya pili nyeusi tii. Ya tatu ukungu mtupu. Karatasi zake za studio zilikuwa zimepitwa na wakati kama sisi wenyewe. Mabeseni yangu yote matatu yakanuka dawa, tukawa tunaogea ndoo moja. Na katikati ya hayo binti yetu aliita, "Baba, mlango umeanza tena kukwama kwenye fremu!" Baba mtu akapanda na randa, akauranda mlango, akashuka, akarudi kwenye kamera yake. Mara tatu alifanya hivyo.

Siku ya hamsini na nane, asubuhi, akaisimamisha kamera ng'ambo ya barabara, akaweka pima maji juu yake kuhakikisha imekaa sawa, akajifunika blanketi ili aone vizuri kwenye kioo. Mimi nikapanda kwa binti yetu. Hasira zilikuwa zimenijaa. Siku zote hizo, halafu mkaguzi aje aseme mzee ameipinda kamera? Nikachukua kamba nyeupe ya kuanikia nguo, nikafunga kufuli upande mmoja, upande wa pili nikaufunga kwenye msumari wa pembe ya ukuta, juu kabisa, nikaiachia ining'inie mpaka karibu na ardhi. Hapakuwa na upepo.

"Toa hiyo kamba!" akapaza sauti kutoka chini ya blanketi.

"Sitoi! Piga na kamba yako!"

"Mama, mwache baba," binti yetu akasema, huku akimnyonyesha mdogo. Sikumwacha. Kule chini blanketi likasogea mbele, likarudi nyuma, likasogea tena. Kisha mkono wake ukatoka, ukafungua lenzi, akahesabu, akafunga.

Tukaingia bafuni, tukawasha taa nyekundu. Picha hutoka kwanza kinyume, penye weupe pakiwa peusi, ikabidi aikaushe, ailaze juu ya karatasi nyingine, aimulike, na kuitumbukiza hiyo ya pili kwenye beseni. Nyumba yetu ikajitokeza pole pole. Ilikuwa nzuri, hata tofali ungelihesabu. Nguzo ya umeme ilisimama wima. Nyumba ya jirani, wima. Kamba yangu, wima. Juu iligusa pembe ya ukuta wetu. Chini ilikuwa mbali nayo.

"Labda hiyo kamera..." nikaanza. Sasa mimi ndiye niliyekuwa naitetea nyumba.

"Kamera iko sawa."

"Uliona ulipokuwa chini ya blanketi?"

"Niliona. Kioo huonyesha kichwa chini, miguu juu, lakini niliona." Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Nilijua tangu siku ya kwanza nilipouranda ule mlango, fremu ilikuwa imepinda. Nilitaka tu iwe ni simu iliyoinama."

Nilitaka kumfokea. Siku hamsini na nane, na watoto wanalala kule juu! Lakini nguvu zilikuwa zimeniishia. Nikamshika bega.

"Baba!" binti yetu akaita kutoka juu. "Imetoka?"

"Imetoka, mama," akajibu. "Imenyooka. Shuka na watoto. Acha vyombo, acha kila kitu, shuka sasa hivi."

Tukasimama pale bafuni, tukazihesabu hatua zao kwenye ngazi mpaka ya mwisho.